Kwenda Mitwaba Kumtafuta Mume wa Mama

Nyinyi wenzangu wa chama cha kushona, kila mmoja amenipitia dukani kwa wakati wake kuniuliza ilikuwaje kule Mitwaba, na kila mmoja nimempa kipande. Sasa nasikia vipande vimeunganishwa vibaya. Mama Régine anasema nilienda kumtafutia mama yangu talaka. Mama Bea anasema nimerudi na baba mwingine. Basi nimekaa chini niandike yote mara moja, mnisome, mwache kunifukuzia wateja. Habari za karatasi na mihuri nitaziruka, maana hata mimi zilinichosha.

Kamalondo, mtaa wetu wa Lubumbashi, ofisi ya parokia

Mama yangu mnamjua, Numbi Veronika, mwenye miaka sabini na kitu, mama asiyepitwa na misa. Ila hamjui jambo moja, au mmeliona mkanyamaza. Tangu nikiwa mtoto, watu wakisimama kwenda kupokea komunyo, Mama hubaki ameketi. Huweka mkoba juu ya magoti, huvuta miguu ili wengine wapite, na hutazama chini mpaka warudi. Alikuwa akipokea alipokuwa msichana. Aliacha siku alipohamia kwa Baba, kwa sababu Baba alitoa mahari yote lakini kanisani hakwenda.

Baba, Kasongo, fundi mstaafu wa treni, hakuwahi kukataa ndoa ya kanisa. Alikuwa anaahirisha tu. Kwanza hakuwa na suti. Halafu walikuja watoto. Halafu hali ya nchi ilikuwa mbaya. Halafu goti. Mwaka huu parokia ikatangaza kwamba itawafungisha ndoa wazee wote wa namna hiyo Jumapili moja, na Baba, ambaye amezika rafiki zake karibu wote, akasema bila mtu kumbembeleza, "Andika jina yetu." Mama alinipimisha gauni lake mara nne.

Ilibaki cheti cha ubatizo. Mama alibatizwa Mitwaba wakati wa Wabelgiji, akatoka kule bado yuko mgongoni, baba yake alipoitwa kazi ya reli, na hakurudi tena. Nakala iliombwa, ikaja kwenye simu ya katibu wa parokia, imepigwa chapa vizuri. Katibu ana sauti ya kusomea matangazo. Aliisoma kwa sauti hiyo, mbele ya wazee wote waliokuwa wameketi wakingoja zamu yao: "Numbi Veronika. Ndoa: muke wa Ilunga."

Baba aligeuza shingo polepole.

"Ilunga gani?"

"Miye namujulia wapi?" Mama akajibu.

Baba alichukua kofia yake. "Kumbe miaka yote ile miye nakulya bukari ya bibi ya mwenzangu," akasema, kana kwamba ugali wote aliopikiwa ulikuwa wa wizi, akatoka.

Padri wetu ni mtu mwema, lakini sheria ni sheria. Alisema kama Mama ameandikwa kuwa ana mume, yeye hawezi kumpa mume mwingine. Halafu akaongeza neno lililonipa matumaini: nakala ni nakala, mtu aende akaone kitabu chenyewe. Vitabu hivyo havitoki ofisini na kule hawaruhusu kuvipiga picha, kwa hiyo simu haingesaidia. Zilibaki wiki tatu kabla ya Jumapili ya ndoa.

Nyumbani, Baba alihamisha kiti chake upande wa pili wa ua, akawa anakula ameelekea ukuta. Mzee wa miaka themanini na mbili, ana wivu kama kijana wa shule! Ningecheka, lakini jioni ile nilimkuta Mama nyuma ya jiko analia. "Banaona niko muke ya bongo, ya kudanganyaka batu," akaniambia, "na hii miaka yangu." Kesho yake nikafunga duka.

Lubumbashi hadi Likasi

Lami ni nzuri, basi lilikuwa zuri, na ubaya wote wa hatua hii niliuleta mwenyewe kwa mdomo wangu. Jirani yangu kitini alikuwa mama mmoja muuza nywele za bandia, amepakata mfuko mkubwa wa nywele. Aliniuliza ninakwenda wapi. Nikasema Mitwaba. Akauliza kuna nini Mitwaba. Mtu mwenye akili angesema kuna ndugu. Mimi nikamweleza yote, kwa sauti ya chini, kama siri.

"Eeh!" akapiga makofi. "Mama yake iko na bwana mbili!"

Basi zima likageuka. Kuanzia hapo safari haikuwa yangu tena. Wanaume walisema Baba ana haki, mtu hawezi kuishi na mwanamke nusu karne bila kuambiwa kuna mwenzake. Wanawake walisema, kama Baba angeenda kanisani mapema haya yangejulikana mapema, anavuna alichopanda. Mzee mmoja wa mbele, mtu wa Kasai kwa lafudhi yake, aliuliza swali moja tu, kama huyo Ilunga alitoa mahari au hakutoa. Walibishana hadi kwenye kizuizi cha kulipia barabara, na pale tuliposimama mwanamume mmoja wa nyuma akainuka, akavua kofia.

"Mama, pardon. Miye jina yangu ni Ilunga. Lakini nilizaliwa Kipushi, na mama yako simujue."

"Ata miye ni Ilunga," akasema mwingine upande wa dirisha.

"Na muloko wangu," akasema wa tatu, akimwonyesha mdogo wake.

Ndipo nilipoelewa ukubwa wa kazi yangu. Kwetu Katanga, ukiita "Ilunga" sokoni, nusu ya wanaume wanaitika, na nusu nyingine wanakuuliza unamtafutia nini ndugu yao.

Likasi, ambako "sasa" ni neno refu

Kutoka Likasi kwenda kaskazini unategemea malori ya wafanyabiashara. Nililipata la dereva mmoja aitwaye Papa Ngoy, mtu mpole mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Aliniambia, "Panda Mama, tunakwenda sasa." Ilikuwa asubuhi. Nilikaa juu ya mzigo wangu nikitazama wakipakia chumvi. Mchana wakapakia sabuni. Jioni wakapakia mabati, halafu wakayashusha kwa sababu yalitangulia magodoro.

Nililala kwa binamu yangu, ambaye alinipokea kwa furaha jioni ya kwanza, na kwa mshangao jioni ya pili. Mboga ya lengalenga ilikuwa ileile jioni zote mbili, ila jioni ya pili ilikuwa na maji zaidi. Sikumlaumu, maana tulishaagana mara mbili kwa machozi.

"Papa Ngoy," nikamwuliza siku ya tatu, "ile sasa yako ni ya lini?"

"Mama, sasa ni sasa," akanijibu bila hasira. "Kama ni mbio, ungesema mbio."

Mimi nilikuwa nimechukua nafasi ya mbele, karibu na dereva. Nilipofika kuikalia, nikakuta imekaliwa na spika kubwa ya mchungaji mmoja wa kanisa la maombi, imefungwa mkanda, imefunikwa shuka. Papa Ngoy alinieleza kwa heshima zote: "Ile ikitikisika, inakufwa. Weye Mama, ukitikisika utapona." Nilikasirika, nikapiga kelele, nikataja miaka yangu, watoto wangu na wajukuu wangu. Halafu nikapanda juu. Na niwaambie ukweli ambao Papa Ngoy sikumwambia: magodoro mapya kumi na mawili, moja juu ya jingine, ni kitanda kizuri kuliko changu cha Kamalondo.

Njia ya kaskazini hadi mto Lufira

Huko juu tulikuwa kama watu kumi na tano. Vumbi lilitupaka rangi moja sote, hata mtu hukujua nani mweupe nani mweusi, nani mlokole nani mlevi. Aliyenishika mkono wakati wa mashimo ni Mama Kyungu, mwanamke wa Mitwaba anayeuza maharagwe mjini na kurudisha chumvi. Safari hii nilikuwa nimeapa kufunga mdomo. Nilishinda saa mbili nzima. Alipofungua kikapu akanipa kipande cha kikanda, ile keki ya mizizi ya porini na karanga, kiapo kikavunjika, nikasimulia yote.

Mama Kyungu hakucheka. Alitafuna, akafikiri. "Numbi bako bengi kule," akasema. "Na Ilunga bako bengi zaidi. Lakini kitabu ya bapadri haidanganye." Mpaka hapo nilikuwa nikijiambia kwamba ni kosa la mashine tu. Sasa nikaanza kuwaza kwamba labda Mama, au wazazi wake, walificha jambo. Zamani watoto wa kike walikuwa wanaposwa wakiwa wadogo. Na kama ni kweli, mimi ndiye nitakayempelekea Baba habari hiyo kwa mkono wangu.

Karibu na Lufira tukasimama. Lori jingine lilikuwa limelala kwenye matope, limekaa mkingamo, pua huku, mkia kule. Papa Ngoy alishuka, akaliangalia, akarudi akatandika mkeka wake. Nilipoona mkeka sikuuliza tena habari ya sasa.

Tulikaa pale siku nzima na nusu. Wanawake wakawasha moto, na mimi, kwa kiburi cha mjini, nikasema leo bukari nitasonga mimi. Nilikuwa sijawahi kusonga bukari ya watu thelathini. Sufuria ilikuwa karai, mwiko ulikuwa mrefu kuliko mimi, na baada ya dakika tano nilikuwa nazunguka mimi, bukari imetulia. Papa Ngoy alionja, akatoa kitu mdomoni, akakitazama.

"Mama, hii bukari iko na majiwe."

"Ni madonge, Papa. Si majiwe."

"Bon," akasema, "kumbe ku Lubumbashi banaitaka vile."

Mpaka tunafika Mitwaba niliitwa Mama Majiwe, na wapo watakaoniita hivyo hadi kaburini.

Asubuhi ya pili akapita mwenye pikipiki, mtu mzima mwenye miwani ya jua, ambaye aliweza kupenya pembeni ya lori lililokwama. Niliogopa kufika nikakuta padri wa Mitwaba amekwenda vijijini, kwa hiyo nikampa ujumbe. Nauandika hapa neno kwa neno, nikitaja ndugu zangu wote marehemu kuwa mashahidi: "Mwambie padri kwamba mtoto wa Numbi Veronika anakuja kwa ajili ya ile habari ya Ilunga. Anisubiri." Akarudia vizuri. Akaondoka.

Mitwaba, habari ilipofika kabla yangu

Mitwaba iko juu, na kuna baridi ambayo sikuitegemea. Tulifika alasiri, mimi nimejifunga vitenge vitatu. Lori lilipoegeshwa niliona watu wamesimama kama wanaopokea bwana harusi. Nikadhani wanangoja ile spika. Lakini spika iliposhushwa, hawakuitazama. Walinitazama mimi.

Mbele yao alisimama mzee mmoja mrefu, amenyolewa ndevu siku hiyo hiyo, amevaa koti la suti na raba, ameshika jogoo kwapani. Alinikaribia akanitazama uso kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema. "Mama yako iko muzima?"

Nikamwuliza yeye ni nani, ingawa nilishajua.

"Miye njo Ilunga."

Niliyapata maelezo baadaye, kwa Mama Kyungu, ambaye alicheka mpaka akakalia gunia la chumvi. Mwenye pikipiki alikuwa ameufikisha ujumbe kwa padri, lakini njiani alisimama kunywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, na penye munkoyo pana watu. Kule ujumbe ulitoka hivi: binti wa bibi ya Ilunga anakuja kumtafuta Ilunga. Akina Ilunga wote wa Mitwaba walihesabiana. Wenye wake walinyamaza. Alibaki huyu mmoja, aliyefiwa na mke miaka minne iliyopita, na wenzake wakamwambia, "Nenda ukanyoe."

Kwa wakati ule, hata hivyo, mimi sikucheka. Nilimwuliza kama aliwahi kumjua mwanamke aitwaye Numbi. Akasema ndiyo, tena macho yakamng'aa. Zamani, akiwa kijana, alimtaka Numbi mmoja. Wazazi walishaongea. Halafu siku moja Numbi alipandishwa lori kwenda mjini, hakumwona tena.

"Nilimungojea," akasema.

Nililala kwa masista usiku ule, na kama kulala ni kufumba macho, sikulala. Nilikuwa nimesafiri siku zote hizo kumsafisha mama yangu, na sasa mume alikuwa amenijia na jogoo.

Kitabu

Padri wa Mitwaba ni kijana mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Aliniambia ninawe mikono, naye akanawa, tukaketi. Mzee Ilunga alikuwa nje barazani na jogoo wake, amekataa kuondoka. Padri alileta kitabu kikubwa chenye jalada la kitambaa, kimeliwa na mchwa kona moja. Alisema nakala zilipigwa chapa haraka msimu ambao paa lilikuwa linavuja, mtu akisoma huku mwingine akisogeza ndoo. Niliposikia habari ya ndoo nilivuta kiti karibu.

Alifungua, akatafuta kwa kidole. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa kulala upande, wote Kilatini. Nikaona jina, *Numbi Veronica*, nikalijua kama ninavyolijua langu.

"Baba: hayupo, iko ku kazi ya reli," akasoma padri. "Mama: iko. Muntu aliyemuleta mutoto: Ilunga..."

Nikamwambia, "Padri, sema tu. Nimekuja kusikia."

"Ilunga, *avus*," akasema. "Avus ni nkambo. Ni baba ya baba yake."

Babu! Mama hakuwahi kujua jina la babu yake. Kwetu nani anamwita babu kwa jina? Alikuwa Nkambo tu, na alikufa Mama akiwa bado anatambaa mjini.

Pembeni ya ukurasa, mahali ambapo mapadri huandika ndoa ya mtu anapokuja kuolewa, kulikuwa na mstari mmoja, wino uleule, mwandiko uleule, siku ileile ya ubatizo. Mama alikuwa na wiki tatu duniani. Chini ya mstari huo mmisionari aliyeandika kitabu alipiga mistari miwili mingine, kama mtu aliyeshtuka. Padri aliinamisha miwani yenye uzi.

"*Avus eam uxorem suam vocat*." Akatafsiri polepole: "Nkambo... anamuita... bibi yake."

Tulitazamana. Halafu padri, ambaye ni Muluba kama mimi, akavua miwani, akaweka kichwa juu ya meza, mabega yakawa yanatikisika. Mimi nilichelewa kidogo, halafu nikapiga ukelele uliomtoa jogoo kwapani mwa mzee.

Nyinyi wa kwetu mmeshaelewa. Kwa ajili ya Mama Bea, ambaye kwao ni kwingine, naeleza. Babu kwetu humwita mjukuu wake wa kike "bibi yangu", yaani mke wangu, na mjukuu humwita "bwana yangu", na wanataniana hivyo mpaka kifo. Tena huyu mtoto alipewa jina la nyanya yake, mke wa mzee. Nyanya ni Numbi, mtoto ni Numbi. Mzee angemwitaje? Alisimama mbele ya Mzungu mgeni, amebeba kitoto, akaulizwa huyu ni nani wako, akajibu kwa furaha yake yote: "Huyu ni bibi yangu." Na Mzungu akaandika. Miaka mingi baadaye, mtu wa msimu wa ndoo akaona neno "mke", akaona "Ilunga", akajaza kisanduku cha ndoa.

Padri alifuta macho, akaanza kugeuza kurasa mbele, kwa udadisi tu. Kwenye ukurasa uliofuata mmisionari alikuwa ameandika tena kuhusu babu mwingine na mjukuu mwingine, na mistari ya chini miwili. Ukurasa wa tatu, tena, mstari mmoja. Ukurasa wa nne kulikuwa na neno fupi pembeni, na baada ya hapo hakuandika tena jambo hilo mpaka mwisho wa kitabu.

"*Omnes avi ita dicunt*," akasoma padri. "Bankambo bote banasemaka vile."

Nilitoka nje nimwambie Mzee Ilunga. Niliona aibu, kwa sababu alikuwa amenyoa. Nilimweleza kwamba Numbi wangu aliondoka akiwa mgongoni, hakuwa Numbi wake. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akamtazama jogoo.

"Mama yako," akasema baada ya kufikiri, "donc hatafute bwana."

"Hapana, Papa. Anaye mmoja, na huyo mmoja anatosha sana."

Alicheka, mzee wa watu. Alisema jogoo ameshatoka nyumbani, hawezi kurudi, jogoo naye ana heshima yake. Tulimla siku ileile, yeye, padri, Mama Kyungu na mimi. Bukari alisonga Mama Kyungu.

Kurudi

Kurudi kulikuwa kwa haraka, kwa gari la mfanyabiashara wa samaki, na mpaka leo vitenge vyangu vinawapendeza paka wa Kamalondo. Nilikuwa na cheti kipya kifuani. Kisanduku cha ndoa kilikuwa kitupu.

Niliwakuta wameketi kila mtu upande wake wa ua. Nikavuta kiti katikati nikawasomea. Nilipofika kwenye "bibi yake", Baba alisema, "Soma tena." Nikasoma tena. Wakati huohuo mjukuu wake mdogo, binti wa mdogo wangu Fifi, alikuwa amesimama kati ya magoti ya Baba, anakula nusu ya andazi lake, kama kila siku.

"Na huyu, Baba," nikamwuliza, "unamwitaka nani?"

Baba alimtazama mtoto. Alijikuna goti. "Bibi yangu," akasema kwa sauti ndogo sana.

Mama hakucheka nasi. Alitaka kujua mambo mengine. Alibebwa na nani kufika kanisani? Na Nkambo mwenyewe? Ni yeye aliyesema maneno hayo kwa mdomo wake? Nilimwambia ndiyo, mpaka Mzungu akaona ayaandike. Mama alifunika uso kwa kitenge. Hakuwa na picha ya mtu yule wala kumbukumbu yoyote, na sasa alijua kwamba siku ile mtu alijivuna naye mbele ya wageni. Mimi pia nililia, sioni sababu ya kuficha.

Baba akainuka, akavuta kiti chake, miguu ya kiti ikichora sakafu ya ua, mpaka akakiweka ubavuni mwa Mama.

"Nilibebaka bibi ya muntu," akasema, "na sikumupa ule nkambo kitu, ata kuku." Kwa desturi mwoaji humwendea babu, hutaniana naye, humpa kitu cha kumtuliza kwa kumnyang'anya mke. Akaomba kikombe cha munkoyo. Alimwaga kidogo chini, akasema, "Ilunga, pardon. Namulinda muzuri." Mama akamwambia aache uongo mbele ya wafu.

Jumapili ile mlikuwepo, kwa hiyo sielezi nguo. Mlimsikia Baba akijibu "ndiyo" kabla padri hajamaliza swali. Lakini hamkuwa karibu kama mimi ulipofika wakati wa komunyo. Mama alisimama. Nilimwona anatafuta mahali pa kuweka mkoba, maana kwa wakati ule wa misa mkoba siku zote ulikuwa magotini, na hakujua mtu anayesimama huuweka wapi. Nikaupokea. Akaenda, Baba nyuma yake, akarudi, akapiga magoti muda mrefu, uso ndani ya viganja.

Nilipoona hainuki, niliinama nikamwuliza sikioni, "Mama, komunyo iko namna gani?"

Hakufungua macho.

"Ni ile ile," akasema. "Ile ile niliachaka."